Nafasi Yangu Iko Bagamoyo

Jumapili, 13 Julai

Nimefika. Nimekasirika. Hasira ilinianza Msata, ikawa inapanda kila kituo, na hapa geti la shule ikashuka nami na godoro langu.

Mimi, Adija Mwinyijuma, dada mkuu mstaafu, Divisheni Wani ya pointi kumi na tano, nimepangwa kusoma kidato cha tano porini! Shule ya bweni ya wasichana, mbele ya Miono. Bahari hakuna. Hata harufu yake hakuna. Na kule kwetu Bagamoyo mjini ipo shule ya kutwa yenye kombi yangu hiihii ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Kutoka kitandani kwangu hadi getini kwake ni dakika tisa. Nimepima.

Ni kweli shule hii niliiandika mwenyewe kwenye fomu ya machaguo. Namba tano. Kujaza nafasi tu! Nani huchukuliwa chaguo la tano? Mimi!

Bibi Sihaba, aliyenilea tangu nina miaka miwili, alinisindikiza stendi. Hakulia. Alinishikisha jembe, ndoo mbili na ufagio wa chelewa kama barua ya shule ilivyotaka, akaniambia nikasome. Bibi gani huyo asiyelia?

Hapa mgeni wa kidato cha tano huitwa njuka. Njuka! Mimi niliyekuwa nikikohoa tu mstari mzima unanyooka. Leo mtoto wa kidato cha sita, kimo chake ndoo na mfuniko wake, amenidai shikamoo. Nimempa. Meno bado yananiuma.

Bwenini nikakuta kitanda cha juu kimeshachukuliwa. Kuna msichana anaitwa Gertruda Kasian, njuka mwenzangu, HKL vilevile, mtoto wa mwalimu kutoka Songea. Akaniuliza kwa upole kama ningependa cha juu, yeye ashuke. Nikamkatalia kwa hasira. Sasa nalala chini na kila akijigeuza vumbi la chaga linanidondokea jichoni. Upole ule alikusudia.

Chakula cha jioni: ugali na maharage. Maharage hayajawahi kukutana na nazi maishani mwao.

Nimeamua. Hapa sikai. Wiki haiishi.

Jumatatu, 14 Julai

Mpango wa kwanza: pumu. Vumbi la huku ni jekundu na linajua kazi yake. Asubuhi wakati wa kufagia uwanja nikatupa ufagio, nikashika kifua, nikakohoa kikohozi cha kumliza mtu. Nikakaa chini. Nikahema. Wasichana wakanizunguka. Nikajiona nimeshapanda gari la nyumbani.

Gertruda naye akaanza kukohoa! Ubavuni kwangu! Ananiiga! Midomo imegeuka rangi, kifua kinapiga mluzi, mbwembwe tupu. Matroni akaja mbio, akanipita kama kigingi cha mbuzi, akamfuata yeye. Akambeba! Akampa kidude cha kuvutia pumzi, maana eti anacho chake mwenyewe, na eti cheti chake cha hospitali kiko ofisini tangu siku aliyofika. Mtu kajiandaa mpaka vyeti! Mimi nimekuja na kikohozi kitupu.

Kisha Matroni akanirudia. Akaniwekea sikio mgongoni, akasema kifua hiki ni kizima kiasi cha kupulizia zumari harusini. Adhabu: ndoo ishirini za kumwagilia maua ya Mkuu wa shule. Bomba liko bondeni. Maua yako mlimani. Ndoo ya kumi na moja nikamtukana Gertruda. Ya kumi na mbili nikamtukana tena, maana ya kumi na moja alikuwa mbali hakusikia. Ya kumi na mbili pia hakusikia.

Jumanne, 15 Julai

Leo nusura nicheke.

Kumbe kuna kubadilishana! Ukipangwa shule usiyoitaka, unamtafuta mwenzio wa kombi hiyohiyo aliyepangwa kule unakokutaka wewe, naye awe anakutaka huku kwako. Wakuu wa shule wote wawili wakikubali na walezi wakitia saini, kila mtu anabeba godoro lake. Nikasema nani duniani atataka kuja huku?

Yupo! Anaitwa Linda Noel. Amepangwa Bagamoyo mjini, HKL, shule yangu ya dakika tisa, na mama yake ni nesi wa zahanati ya Miono. Anataka kuwa karibu na mama yake. Wako watu wa ajabu. Walifika mchana na fomu mkononi, upande wa Bagamoyo umeshagongwa muhuri. Kilichobaki ni kumpata mtu wa huku.

Mlinzi alipotangaza getini, wasichana tisa walinyanyuka. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Nilimpiga kikumbo Gertruda, aliyekuwa anakwenda mdogomdogo na kifua chake cha maonyesho, nikaruka ndoo ya kwanza, ya pili ikaniangusha, nikafika mbele ya mama Linda kwa magoti. Mama yule akasema huyu binti ana shida ya kweli. Wakaandika jina langu!

Madamu Evelyn, ndiye Mkuu wa shule, akaipokea fomu. Akasema Ijumaa mlezi wangu aje, na yeye atanipa jibu siku hiyo. Akaniangalia magoti yenye vumbi, akasema neno moja tu: mpaka siku hiyo nitulie.

Nikampigia Bibi kwa simu ya Matroni. Akasema atakuja. Akauliza kama nakula. Nikamsimulia maharage mpaka salio la Matroni likakata.

Jumatano, 16 Julai

Nimeuawa na kalamu yangu mwenyewe.

Kiswahili anatufundisha Madamu Evelyn. Leo katoa insha: Shule Yangu Mpya. Nikajua mtego huu. Mwalimu akiona una akili hakuachii. Nikaapa kuandika ovyo, sentensi za darasa la tatu. Lakini nilipofika kwenye maharage hasira ikashika usukani. Kurasa nne! Sikuinua kichwa.

Akaisoma mbele ya darasa. Darasa likafa kwa kicheko. Madamu mwenyewe alivua miwani akafuta macho. Akasema mwenye kalamu hii, shule yoyote ingejivunia kuwa naye.

Shule yoyote! Nimeelewa. Mimi si mtoto. Maana yake yeye ndiye anayetaka kujivunia, na fomu yangu kailalia. Haniachii ng'o!

Gertruda akaniambia Madamu kanisifu tu, hakuna lililofichwa, na kesho kutwa si mbali. Akasema subira yavuta heri. Ebo! Mtu wa Songea kunifundisha methali mimi wa Pwani! Nikamwambia kuwa kwetu methali tunanyonyea, hatuletewi na basi. Akatabasamu, akafunua daftari lake. Ana kiburi cha kimyakimya, kibaya kuliko cha maneno.

Ijumaa siisubiri. Shule yetu ya zamani kuna msichana aliitwa Adila, alipandisha pepo mstarini asubuhi, na mchana alikuwa kwao. Akakaa huko siku kumi! Nani anataka kubaki na mwenye pepo? Nikipandisha, Madamu mwenyewe atanitafutia gari. Na mimi nina ukoo wa kazi hiyo. Bibi Sihaba ujanani alikuwa mtu wa ngoma za pepo, watu walimfuata kutoka Saadani. Nani atabisha damu?

Alhamisi, 17 Julai

Nimepandisha.

Ilikuwa mstarini, baada ya wimbo wa taifa. Nikaanza na kutetemeka kwa goti moja. Halafu la pili. Halafu nikapiga yowe, nikajitupa chini, nikabingirika, nikahakikisha sketi imekaa sawa, nikabingirika tena. Sauti nikaiteremsha ikawa nzito ya mwanamume mzee. Nikasema, nirudisheni baharini! Nirudisheni baharini!

Uwanja ukawa kimya. Raha iliyoje! Sikuwahi kusikilizwa hivyo hata nikiwa dada mkuu.

Mpishi wa shule, mama mtu mzima wa Miono, akaacha mwiko akaja kunisemesha Kikwere. Sijui Kikwere! Pepo wangu wa baharini angekijulia wapi? Nikamjibu kwa lugha ya kilindini. Nikataja majina ya samaki wote ninaowakumbuka, harakaharaka, kwa kukoroma: changu, tasi, kolekole, nguru, chewa, pono. Mama wa watu akarudi nyuma mikono kichwani.

Hapo mambo yakaharibika. Msichana mmoja wa kidato cha sita akaanguka. Kisha mwingine. Kisha yule kimo cha ndoo. Kumi na wawili! Wote wanapiga mayowe, na watatu kati yao wanataja samaki! Hao ni pepo gani wasio na adabu, kuiba maneno ya mwenzao? Nikafumbua jicho moja kuwaangalia, nikagongana na macho ya Madamu Evelyn. Nikafumba.

Vipindi vimefutwa. Wale kumi na wawili walimwagiwa maji wakainuka. Mimi nilikaza. Gertruda alinishikilia kichwa muda wote kisigonge chini, huku anakohoa vumbi nililotimua. Kujipendekeza tu. Jioni Madamu akasema Bibi yangu kwa vile anakuja kesho, yeye ndiye ataamua cha kufanya. Kwisha! Bibi akiniona hivi, jioni nakula samaki wa kupaka.

Ijumaa, 18 Julai

Bado nanuka ubani.

Bibi kafika saa nne. Kajifunga kanga mbili, ana kapu. Gertruda akampokea kapu getini, shikamoo bibi, karibu bibi, pole na safari bibi. Limbwata tupu. Akamleta mpaka bwenini, na nyuma yao Madamu, Matroni, mpishi, na nusu ya shule madirishani.

Nikaanza kutetemeka. Bibi hakushtuka. Aliketi mkekani, akanisalimia. Mimi! Yaani pepo. Akasema shikamoo, mgeni. Nikasema marahaba kwa sauti nzito. Ilikuwa tamu kidogo.

Akauliza jina. Nikasema Sultani wa Kilindini. Akauliza anataka nini. Nikasema bahari. Kwenda Bagamoyo, leo, na mizigo yote. Bibi akatikisa kichwa kwa heshima, akawaeleza waliokuwepo kwamba pepo ana haki yake. Ataje anachotaka, apewe kinachopatikana, kisha ale kiapo kwamba atatulia. Ndiyo kawaida, akasema, tangu enzi za mama zake. Nikamwombea maisha marefu.

Halafu akageuza. Akasema bahari haibebeki, lakini Sultani ataletewa chupa ya maji ya bahari, kanga mpya na papa mkavu kila mwezi. Badala yake amwache mtoto asome hapa miaka miwili mpaka mtihani wa kidato cha sita, asitoke nje ya ua wa shule hii ila likizo. Je, Sultani amekubali?

Nikanguruma. Sijakubali!

Bibi akasema pepo huulizwa mara tatu. Akikataa ya kwanza, hufukizwa. Akatoa chetezo kapuni, akatia makaa ya jikoni, ubani, na vitu vyake vingine ambavyo Mungu ndiye anavijua, akanifunika shuka zito gubigubi, mimi na chetezo ndani. Lahaula! Nilikohoa kikohozi ambacho Jumatatu kingenifikisha Bagamoyo. Akauliza mara ya pili. Nikakataa, lakini kwa sauti yangu mwenyewe. Nikasikia kapu linafunguliwa tena. Nikasikia Bibi anamwomba mpishi pilipili kavu.

Sultani amekubali. Ameapa. Ameapa mbele ya watu wote, mara tatu, huku machozi yanamtoka: miaka miwili, hapahapa, hatoki.

Basi Madamu akaleta fomu ya kubadilishana. Tazama! Saini yake ilikuwepo! Tarehe ya Jumatano! Alishanisainia baada ya insha ile, alisema mwanafunzi mwenye akili asinyimwe shule anayoitaka. Ilibaki saini ya Bibi peke yake!

Bibi akairudisha bila kuigusa. Akasema pepo akishaapa mahali, kiti chake, yaani mtu aliyempanda, hakihamishwi. Kikihamishwa kiapo kimevunjwa, na watarudi wengi. Matroni na mpishi wakaitikia kwamba ndivyo. Madamu akasema yeye mambo hayo hayajui, ila bila saini ya mlezi hana la kufanya, na leo Ijumaa ndiyo mwisho wa kupokea fomu. Ningetulia siku mbili! Mbili! Ningelala tu kitandani kama gogo ningekuwa nyumbani sasa hivi!

Walipotoka nikamkamata Bibi mkono. Nikamwambia nilikuwa naigiza. Akasema anajua. Miaka hamsini hajaona pepo anayechungulia, wala anayetaja samaki kwa mpangilio wa meza ya sokoni. Nikamuuliza sasa kwa nini kanifunga na kiapo cha uongo mbele ya shule nzima?

Akakunja shuka lake taratibu. Akasema na yeye aliwahi kupata pepo wa namna hii. Alikuwa darasa la tano, shule ya bweni, mbali na kwao. Alijibingirisha vizuri kuliko mimi. Walimrudisha nyumbani siku hiyohiyo, na alifurahi sana. Akasema mpaka leo yuko nyumbani.

Alilia hapo. Kidogo, kwa pembe ya kanga. Mimi nilikasirika. Kwani nilimuuliza habari za darasa lake la tano? Yeye ni yeye, mimi ni mimi! Sasa kifua kinanibana, na si moshi, na sitaki kujua ni nini.

Jumamosi, 19 Julai

Sijawahi kutukanwa na dunia namna hii.

Kumbe jana fomu ilikuwa bado mezani, Linda na mama yake, waliokuja kusikia jibu, bado wamekaa ofisini. Madamu akawaza nani mwingine wa HKL ana sababu ya kuhama. Akakumbuka cheti cha pumu. Vumbi la huku linamuumiza, hewa ya bahari itamfaa. Baba yake Songea akakubali kwa simu, mbele ya Madamu, karatasi ikatumwa kwa simu ikarudi na saini. Gertruda kapata nafasi yangu! Mimi niliyefika kwa magoti!

Haikutosha. Shule ya mjini ni ya kutwa, haina bweni. Gertruda hana ndugu Bagamoyo. Atakaa wapi? Bibi, aliyelala kwa mpishi akisubiri gari la asubuhi, akasema ana chumba kitupu. Chumba kitupu! Ni changu! Kitanda changu, dirisha langu, chandarua changu nilichokitoboa mwenyewe! Wameondoka pamoja saa mbili, Bibi mbele, yule nyuma na kapu.

Kabla ya kupanda gari Gertruda alinikumbatia. Akasema hatasahau, kwamba bila mimi asingepata. Akalia kwelikweli. Nikatafuta tusi. Nasoma HKL, nina Kiswahili, nina Kiingereza, nina historia nzima ya Afrika, na tusi halikuja.

Bibi aliniambia nisome. Safari hii macho yake yalikuwa mekundu. Gari likaondoka. Nilisimama getini mpaka mlinzi akaniambia vumbi lilishatua zamani.

Jumapili, 20 Julai

Matroni kaniita kwenye simu. Bibi. Kasema wamefika salama. Kasema Gertruda leo hajakohoa hata mara moja, kaamka mapema, kafagia uwanja, na mchana wamekula changu wa kupaka. Akauliza mimi nimekula nini. Anajua nimekula nini.

Akasema nijitahidi, miaka miwili ni kesho tu. Nikasema ndiyo Bibi. Nikakata simu, nikausingizia mtandao.

Kisha nimekaa kitandani na daftari hili nikafikiri kwa utulivu, kama mtu mwenye Divisheni Wani anavyopaswa kufikiri. Wasichana wananipisha njia. Yule kimo cha ndoo asubuhi kaniamkia yeye mimi. Mpishi kaniwekea ukoko. Shule nzima inaniamini. Kosa langu lilikuwa wapi? Sikukosea popote. Nilizidiwa tu na moshi.

Kiapo nakiheshimu. Sultani wa Kilindini ameapa miaka miwili na mimi ni mtoto wa Pwani, siwezi kumvunjia mzee wa watu ahadi yake. Atulie hapo alipo, ale papa wake.

Lakini Sultani ana mke. Mwanamke mkali, wa kisiwani, hasikilizi la mtu, na Ijumaa hakuwepo kwenye kikao. Huyo hajaapa chochote. Atafika kesho mstarini, baada ya wimbo wa taifa, na nimeshamtafutia samaki wapya.